Msaada: dokta anayejua sungura hapa Dar, manyoya yamekua rasta na kucha zimepinda

mamaNaima_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, na nianze kabisa kwa kusema huyu sungura si wa kitoweo, najua kuna watu vidole vinawawasha tayari kuandika mambo ya pilau.

Nina sungura dume anaitwa Pamba, mweupe, ni wale wa manyoya marefu sijui ndo angora au kachanganya, ana ndevu shingoni kama simba. Tulipewa na jirani aliyekua anahama mwaka jana, akatuachia na banda na nusu gunia la chakula, mwanangu wa miaka tisa akalia mpaka tukakubali, na leo huyo huyo hata kumuwekea maji hakumbuki, mama sungura ndo mimi.

Shida yenyewe ni hii. Toka joto lianze manyoya yameshikana huku nyuma na chini ya kidevu, na si kushikana kidogo, ukigusa unakuta kitu kigumu kama kipande cha gunia kimebandikwa kwenye ngozi. Nyuma ndo kubaya zaidi sababu kinyesi kinagandia humo na harufu imeshafika sebuleni. Kidevuni napo kumelowa muda wote, nadhani ni vile anakunywa maji kwenye bakuli. Kucha zimepinda, akitembea kwenye tailizi unasikia ta ta ta ta kama mtu kavaa mchuchumio.

Wiki iliyopita nikampakia kwenye tenga la kuku, nikachukua bajaji, nikampeleka sehemu moja wanatibu mbwa na paka (jina sitaji wala mtaa sitaji). Yule bwana kamtoa kwenye tenga kwa masikio, kamning'iniza hivi mbele yangu huku anaongea na simu na Pamba anarusha miguu hewani. Akasema ni uchafu tu huo, nikamuogeshe na shampuu ya mbwa ambayo kumbe anaiuza hapohapo elfu ishirini na tano, ikishindikana nimlete jioni alale pale bila kula chochote mpaka asubuhi ndo wamchome sindano ya usingizi wamnyoe. Halafu akachukua mguu wa mbele akakata kucha moja, damu ikaruka mpaka kwenye gauni langu, nikamwambia basi baba inatosha, asante. Nimerudi nalia kwenye bajaji mpaka dereva ananiuliza mama kuna msiba?

Sasa nauliza, Dar yote hii hakuna dokta anayejua sungura? Wa kumnyoa, kumkata kucha, na awe anamuangalia kila baada ya miezi kadhaa. Hata kama ni Kigamboni nitaenda. Na hilo la kumlaza njaa ni sawa? Maana mi nilivyofanyiwa opareshen ya uzazi niliambiwa nisile pia.

dogo_wa_RangiTatu

Pole mama Naima. Ila sungura kwenye hadithi za bibi alikua anawachezea akili fisi na simba, huyu wako hata kujichana kashindwa? Mlete kwa kinyozi wangu huku Mbagala, buku mbili na skrabu juu.

mamaNaima_Tabata

We dogo we. Nina hasira mwenzio.

BabaMabanda

Dada pole. Mi nafuga wa nyama huku Chanika, ninao kama sitini hivi, kwahiyo wa kwako wa sebuleni tutasameheana lugha lakini kucha ni kucha.

Kwanza masikio si mpini. Huyo bwana kwa hilo peke yake mi ningeondoka. Sungura mifupa yake myepesi halafu miguu ya nyuma ina nguvu ya ajabu, ukimshika ovyo akirusha teke anajivunja uti wa mgongo mwenyewe, nilipoteza majike mawili hivohivo enzi najifunza, wanabaki wanaburuta nyuma mpaka unachinja kwa huruma. Mkono mmoja unapita kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mwingine unabeba makalio, unambana ubavuni kwako kama mtoto anayetaka kutoroka. Na usimlaze chali eti katulia, ule si utulivu, anajifanya maiti sababu anajua kashikwa na kitu kinachotaka kumla.

Kucha ziko 18, miguu ya mbele tano tano, ya nyuma nne nne. Ile ya tano ya mbele iko kwa ndani juu kidogo, wengi wanaisahau inajikunja mpaka inarudi kwenye nyama, iangalie leo hii. Mviringishe kwenye kanga kama mtoto mchanga kichwa nje, unatoa mguu mmoja mmoja, ukimaliza unaurudisha. Wa kwako ni mweupe una bahati, ndani ya kucha unaona kimstari cha pinki, huo ndo mshipa wa damu, kata mbele yake uache milimita mbili tatu. Zikiwa nyeusi ndo unamulika tochi ya simu kwa nyuma, hapo mpe Naima kazi ashike simu, si alimtaka yeye. Neilkata kubwa ya kucha za miguu inatosha kabisa ila iwe kali, butu inapasua. Ukikosea damu ikatoka usipagawe, bandika unga wa ngano kandamiza dakika kadhaa, itakata. Usikate zote siku moja kama ameshachachamaa, leo mguu huu kesho ule, wala hakuna anayekukimbiza. Na usimuonee huruma ukaacha, wahenga walishasema mchelea mwana kulia.

Hayo marasta sasa. USICHUKUE MKASI UKAVUTA JUU UKAKATA. Naandika kwa herufi kubwa sababu nimeona kwa macho yangu. Ngozi ya sungura ni nyembamba kama karatasi ya sambusa, ukivuta rasta ngozi inapanda nayo, wewe unadhani unakata manyoya kumbe umefungua dirisha. Pitisha kitana katikati ya ngozi na rasta ili kikulinde, halafu lipasue kwa vidole kidogo kidogo kuanzia nchani, nyunyizia konstachi kidogo yanateleza. Dakika kumi, mpumzishe. Yale yaliyoganda mpaka kwenye ngozi kabisa waachie wenye mashine na utaalamu.

BiMkubwa_Magomeni

Wanangu mi sungura simjui ila paka nimefuga miaka thelathini. Muogeshe maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, umuanike juani, mambo mengi ya nini.

BabaMabanda

Shikamoo mama. Paka sawa, sungura usimuanike. Manyoya yake yakilowa mpaka ndani hayakauki leo wala kesho, anashikwa na baridi hata hapa Dar, na ile hofu ya kutumbukizwa kwenye beseni tu inaweza kumuua akiwa mikononi mwako. Na hilo jua ndo kabisa, joto likivuka nyuzi 30 yeye yuko kwenye hatari, na mji wetu huu mwezi wa kwanza na wa pili mchana unavuka karibu kila siku. Mi mabanda yangu nimeezeka makuti juu ya bati, na mchana nawawekea chupa za maji yaliyogandishwa nimezifunga kwenye matambara, utawaona wanaziegemea kama wazee wa baraza.

BiMkubwa_Magomeni

Marahaba mwanangu. Basi nimejifunza, ila sungura gani anawekewa friji.

vet_wa_mtaani

Mama Naima nimesoma yote haya na ushauri wa Baba Mabanda ni mzuri, ila kabla hujafika kwenye kunyoa naomba urudi kwenye sentensi moja uliyoipita haraka haraka. Umesema kidevu kimelowa muda wote. Sungura wangapi wanakunywa kwenye bakuli na videvu vyao vinakauka? Kidevu kisichokauka mara nyingi ni mate hayo.

Mi nimesoma udaktari wa mifugo SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, sasa hivi niko zaidi kwenye ng'ombe na dawa kuliko sungura, kwahiyo sikutibii hapa, nakuuliza tu. Anakula nini, kila siku, bila kunificha. Kuna kitu alikua anakula zamani siku hizi anakiacha? Macho yakoje? Na kinyesi chake kikoje, ukubwa na umbo?

mamaNaima_Tabata

Eeeh dokta umenitisha. Sikufichi. Asubuhi mkate, anaupenda balaa, anasimama kwa miguu miwili akisikia mfuko. Mchana pumba za mahindi nachanganya na layazi, chakula cha kuku wa mayai, sababu ile nusu gunia ya jirani iliisha na sikujua inauzwa wapi. Jioni karoti. Majani nampa mchicha ukibaki.

Karoti zamani alikua anaitafuna nzima unasikia kru kru kru, kama mwezi sasa anaiokota anaigeuza geuza mdomoni anaiacha. Mkate pia siku hizi anataka nimlowekee. Mi nikajua anadeka.

Jicho la kushoto lina machozi na tongotongo asubuhi. Kinyesi kimekua kidogo kama pilipili manga, na vingine vimeunganika kwa uzi wa manyoya kama shanga, Naima alikua anacheka eti Pamba anatunga shanga.

vet_wa_mtaani

Hadeki, mdomo unamuuma. Siwezi kuapa bila kumuona ila kama ningekua mtu wa kubeti hela yangu ningeiweka kwenye meno ya nyuma.

Ngoja nieleze vizuri sababu watu wengi wanajua yale manne tu ya mbele yanayoonekana. Sungura ana meno 28, na yote, ya mbele na magego, yanaota maisha yake yote, hayasimami. Ya mbele yanakwenda karibu milimita mbili kwa wiki, piga hesabu ya mwaka ni kama sentimita kumi. Kinachoyasaga ni kutafuna majani magumu, siku nzima, kinywa kinakwenda upande upande kama jiwe la kusagia. Mkate hauhitaji kusagwa, pumba hazihitaji kusagwa, zinaporomoka tu. Basi magego yanakua bila mpinzani, yanatoa ncha kali, ya chini zinachoma ulimi na ya juu zinachoma shavu. Hapo ndo mate yanatiririka. Mzizi wa jino la juu ukirefuka unabana mfereji wa machozi, ndo hilo jicho lako.

Sasa unganisha na hayo marasta. Sungura anajisafisha kwa ulimi na meno yake kama paka. Ulimi una vidonda, atajilambaje? Na kuna kitu kingine, ana vinyesi vya aina mbili. Vile vikavu vya duara unavyovifagia, na vingine laini vinatoka kama kishada kidogo cha zabibu, ambavyo anainama anavila palepale vinapotoka, humo ndo anapata vitamini na sehemu ya protini yake, usimkataze wala usione kinyaa. Akila wanga mwingi vinakua vingi na laini kupita kiasi, akiwa na maumivu haviinamii, basi vinagandia nyuma. Kwahiyo uliyempelekea akakuambia "uchafu tu huo" alikua anatazama moshi. Ungemuogesha, ungemnyoa, mwezi ujao ungerudi palepale, tena akiwa amekonda.

Kuhusu njaa. Wewe kwenye opareshen ulizuiwa kula sababu binadamu anaweza kutapika akiwa usingizini matapishi yakaingia kwenye mapafu. Sungura hatapiki, mwili wake hauwezi. Halafu utumbo wake ukikaa bila chakula unasimama, na ukisimama kuuamsha ni kazi kubwa. Ndo maana anayejua sungura anakuambia mlete na majani yake ili akizinduka tu ale. Akikuambia umlaze njaa usiku kucha jua anamtibu paka mwenye masikio marefu.

Kwahiyo badala ya kutafuta jina la hospitali, piga simu uulize. Mi ningeuliza hilo la kula kabla ya sindano. Ningeuliza pia kama ana kifaa cha kutazama magego, wengi wanatumia kile chenye taa cha kutazamia masikio, wanakipitisha mdomoni pembeni. Na ningeuliza antibayotiki gani anaitumia kwa sungura, akikutajia amoksilini ya kumeza kata simu, hiyo jamii ya penisilini ikipita mdomoni inaua bakteria wazuri wa utumbo anaharisha mpaka anakufa. Ya sindano ni habari nyingine. Akitaja enrofloksasini muendelee kuongea. Anayejua hatakasirika kuulizwa, anayekasirika umeshapata jibu lako.

Ulizia pia usajili, daktari wa mifugo anasajiliwa na Baraza la Veterinari kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, na kuna tofauti kati ya daktari na msaidizi mwenye stashahada, wote wana kazi yao ila sindano ya usingizi ya sungura mpe daktari. Hapa Dar wanaozoea wanyama wa ndani wengi wako ukanda wa Mikocheni, Msasani na Masaki kule, bei utaisikia tu. Ikishindikana kabisa Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, toka 2024 kuna treni ya SGR na barabara ni kama kilomita 190, ila mnyama mgonjwa safari ndefu hapana kama kuna wa karibu. Nitakutumia PM, ujumbe wa faragha, jina la mmoja niliyesoma nae.

Mambo mawili usisubiri nayo. Akipitisha nusu siku hajala na hajanya, hiyo ni dharura ya leo, si ya Jumatatu. Na hiyo nyuma iliyochafuka itazame asubuhi na jioni, inzi wanataga humo na mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, funza wanaanza kula ngozi nzima. Osha hapo tu nyuma, maji ya uvuguvugu kwenye beseni la kina kifupi, mkaushe na taulo kabisa kabisa.

dada_Kigamboni

Naongezea na langu, linauma lakini acha niseme. Wangu alikua na viroboto kwa sababu tuna mbwa. Nikaenda duka la dawa, muuzaji akanipa matone ya mbwa wa kupaka shingoni, akaniambia paka nusu tu sababu huyu mdogo. Ndani yake ilikua fipronili. Siku ya pili akaacha kula, ya tatu anatetemeka, akafa kwenye sanduku la viatu nikiwa nampepea. Baadae ndo nakuja kujua kwenye maelezo ya kile kiboksi iliandikwa kabisa kisitumike kwa sungura, kwa vile viherufi vya chungu. Kwahiyo mama Naima huyo bwana wa shampuu ya mbwa hata asikuuzie kitu kingine.

vet_wa_mtaani

Pole sana dada. Kuna watakaokuja kusoma hapa wakitafuta na dawa ya ukurutu, kwahiyo nimalizie. Ukurutu wa masikio, yale magamba ya kahawia kama mkate uliovunjika, unatibika kwa ivamektini, ila ni kwa kupima uzito kwenye mizani na kurudia baada ya siku kama kumi hadi kumi na nne. Si kumkadiria kwa jicho na chupa ya ng'ombe. Na msiyabandue yale magamba, chini kuna nyama mbichi.

mamaNaima_Tabata

Wakuu nimerudi, siku sita zimepita.

Usiku ule baada ya kusoma sikulala, nikamchunguza Pamba, ile kucha ya tano aliyosema Baba Mabanda ya mguu wa kulia ilikua imeshagusa nyama. Asubuhi nikapiga simu sehemu tatu. Wa kwanza kaniuliza "kwani unamfuga wa nini". Wa pili kasema alale njaa. Wa tatu ndo yule wa PM, nikauliza kuhusu kula akacheka akasema "mama nani kakufundisha, mlete na majani yake".

Nikaondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua, bajaji mpaka Mikocheni, tenga nimelitandika kanga na chupa ya maji ya barafu pembeni. Dokta ni dada mdogo tu, kakaa chini. Yaani kakaa sakafuni kabisa, akamuacha Pamba atoke mwenyewe kwenye tenga, akasema mezani sungura anaruka anavunjika. Akampima uzito, kilo moja na gramu mia nane, mi sikuwahi kujua kama kakonda sababu manyoya yanaficha, akanishikisha mgongo wake nikasikia pingili moja moja kama rozari. Kile kifaa chenye taa akakipitisha pembeni mwa mdomo, akaniambia njoo uone. Wakuu, pale ndani gego la chini limetoa mwiba umelalia ulimi, na ulimi una mfereji mweupe umechimbika. Na mimi nilikua namlowekea mkate. Nililia tena, hii ni mara ya pili nalia kwa ajili ya sungura ndani ya wiki mbili na mume wangu nikifiwa na shangazi hakuniona nalia hivi.

Akamchoma sindano ya usingizi, akasaga zile ncha, na hapohapo amelala akamnyoa na mashine marasta yote ya nyuma na kidevuni, akakata kucha zote 18. Chini ya rasta kulikua na ngozi nyekundu ina vidonda ila funza hakuna alhamdulillah. Akizinduka akawekewa majani mbele ya pua, nusu saa anatafuna. Laki moja na elfu hamsini na tano jumla na dawa ya maumivu. Mume wangu kauliza kwa hela hiyo si ananunua sungura kumi, nikamwambia na gari ikiharibika uwe unanunua mkokoteni.

Siku mbili za kwanza nilikua nampa pelleti (chakula cha sungura cha vidonge) nilizoloweka, kwa bomba la sindano, pembeni mwa mdomo si mbele, kidogo kidogo. Sasa anakula mwenyewe. Kidevu kikavu. Leo kaokota kipande cha karoti na nimesikia kru.

Dokta kasema anaweza kurudi hali hiyo hivyo nimpeleke kila baada ya wiki nane kumi amtazame mdomo, na manyoya kwa kuwa ni wa aina hii nimchane kila siku mbili, na akipukutisha kila siku, sababu yale anayomeza yakikutana na utumbo mzito usio na majani yanafunga, ndo zile shanga za Naima. Mkate marufuku. Layazi marufuku. Majani makavu yawe asilimia themanini na kitu ya chakula chake. Sasa swali, nayapata wapi Tabata? Vijana wa ng'ombe wanaopita na baiskeli wanakata pembeni ya barabara, huko mbwa wanakojoa na magari yanafuka moshi.

dogo_wa_RangiTatu

Kwahiyo kinyozi wangu hamumtaki tena.

mamaNaima_Tabata

Kinyozi wako aanze kukaa sakafuni ndo tuongee.

BabaMabanda

Nimefurahi sana dada. Majani hayo usihangaike na ya barabarani. Mi nakata ukoka na mabingobingo shambani, naanika kivulini si juani ili yabaki kijani, siku tatu nne unasikia yanavunjika mkononi, hayana ukungu. Yenye ukungu au yaliyochemka kwenye gunia tupa, usimpe hata kama umeyalipia. Matawi ya mpera pia mpe, atayamenya gome siku nzima. Kisamvu usimpe, wala majani ya nyanya na viazi mviringo. Na mbadilishie taratibu, usimkate pumba zote leo, punguza kila siku kwa wiki mbili.

Jumamosi nashuka Buguruni na kirikuu napeleka mbolea, naweza kukuachia gunia hapo Tabata Relini. Kilo mbili unusu tatu hivi, zinamtosha mwezi kasoro. Gunia nirudishie tu, hela tutaona.

mamaNaima_Tabata

Kaka Mungu akubariki. Saa ngapi Relini nimtume Naima asubirie? Safari hii na yeye afanye kazi.

BabaMabanda

Saa mbili asubuhi. Aje na kaka yake, gunia jepesi ila kubwa kuliko yeye.